Dhima ya Paris kwa Maore

Katika bahari iliyo baina ya Msumbiji na Bukini vimo visiwa vinne, Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore, ambavyo wengi wa watu wake ni Waislamu walioingiliana kwa nasaba, na lugha yao i jirani na Kiswahili hata mtu wa Unguja akitega sikio haambulii patupu. Walakini vitatu katika hivyo ni dola huru ya Komoro tangu mwaka 1975, na cha nne, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ni sehemu ya Jamhuri ya Ufaransa.

Huku kwetu habari hii aghalabu husimuliwa kwa maneno machache, kwamba mkoloni alikishika kisiwa na akakataa kukiachia. Maneno hayo yana ukweli wake, kwani Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilimlaumu Mfaransa kwa azimio la mwaka 1976, baada ya yeye kutumia kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama mwanzoni mwa mwaka uo huo. Lakini yanawasahau Wamaore wenyewe, nami naona kuwasahau ni dhuluma. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilitaka uhuru kwa zaidi ya asilimia 94, ilhali Maore karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliukataa. Makao ya serikali ya visiwa vyote yalikuwa kwao, Dzaoudzi, hata ilipoamuliwa mwaka 1958 yahamishiwe Moroni, kisiwani Ngazija. Na kazi, mishahara na heshima vilipohama pamoja nayo, walioinuka kwanza walikuwa wanawake, wakiongozwa na Zéna M'Déré, ambao waliwazingira wakubwa waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke. Anayewaita wanawake hao vibaraka na afikiri kwanza kwamba walichokikimbia ni kudharauliwa na ndugu zao.

Maadamu Maore imeichagua Paris, tena si mara moja, kwa kuwa tarehe 29 Machi 2009 zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walitaka kisiwa kiwe mkoa kamili, nacho kikawa mkoa wa 101 mnamo Machi 2011, basi dhima yote imeiangukia Paris. Nao Wamaore walitoa thamani kubwa: makadhi, ambao tangu zama za mababu wakiamua mambo ya ndoa na mirathi, walivuliwa mamlaka ya kuhukumu mwaka 2010, ili kisiwa kifuate sheria moja na Ufaransa yote. Usawa wa kunyang'anya ulifika upesi. Usawa wa kupewa ungali njiani. Posho ya maskini huko ni nusu ya ile ya Ufaransa kwenyewe, na kima cha chini cha mshahara kimewekwa pungufu. Mwaka 2018 watu 77 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa, na katika ukame wa mwaka 2023 watu wa mkoa wa dola tajiri walikuwa wakipata maji ya bomba siku moja katika tatu. Kimbunga Chido kilipokuja tarehe 14 Desemba 2024 kilisomba vitongoji vya mabati, hata idadi ya waliokufa ilikuwa taabu kuijua. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaahidi kuwa posho na mishahara vitalingana na vya Ufaransa kwenyewe ifikapo 2031, yaani miaka 20 baada ya kisiwa kuitwa mkoa. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya sherehe atakuwa mtu mzima.

Na kuna jambo la bahari, ambalo linaniuma kuliko yote. Nzuwani na Maore zimetengana kwa kilomita 70 hivi, na watu walikuwa wakivuka kwenda kuoa, kuzika na kuuza, hata Paris ilipoweka viza mwaka 1995. Tangu hapo wanavuka kwa siri katika mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa, na waliozama ni maelfu, kwa makadirio ya maseneta wa Ufaransa wenyewe. Wamaore wengi wanalalamika kwamba shule na hospitali zao zimeelemewa, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini aliyewapimia madarasa machache na vitanda vichache si yule mama wa Nzuwani. Badala ya kuongeza vitanda, Paris imebana mara mbili, mwaka 2018 na mwaka 2025, uraia wa mtoto anayezaliwa kisiwani humo, kwa masharti yasiyohusu sehemu nyingine ya Ufaransa, kisha inaapa kwamba Maore ni Ufaransa sawasawa na Marseille.

Ikiwa kiapo hicho ni cha kweli, Paris na ilipe mishahara na posho zilizo sawa leo, isingoje 2031, na iwaandikie viza ya ziara, kwa urahisi na bila ya gharama ya kuwashinda, wale wenye wazazi au watoto ng'ambo ile. Na Moroni, inayodai kisiwa kila mwaka mbele ya mataifa, haina budi kuwapatia wanawake wa Nzuwani huduma ya uzazi ya kuaminika nyumbani kwao, na kuwaambia Wamaore wazi ni madaraka gani wangeyashika wao wenyewe katika dola moja, maana hilo ndilo walilolikosa mwaka 1974.