Daktari wa Maneno ya Wengine

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinashindana kutoa madaktari wa sheria na wa sayansi za jamii, na mashindano hayo si mabaya. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2014 za kutaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu. Huku kwetu kijana wa chuoni anajua fika kuwa bila ya shahada hiyo atasimama kizingitini miaka nenda miaka rudi. Sina kinyongo na elimu hiyo. Mimi sikuipata, nilijisomea kwa vitabu vya kuazima, na sioni sababu ya kumuonea gere aliyesomeshwa. Lakini kuna jambo moja limekosekana katika mafunzo yao, na ajabu yake ni kuwa kila mtu analiona na hakuna anayelitaja. Mtafiti wa uzamivu hufundishwa kuuliza, kuhesabu, kunukuu na kutetea hoja mbele ya watahini. Hafundishwi kufasiri. Na kazi yake yote, tangu siku anapobisha hodi kijijini hadi siku anapovishwa joho, ni tafsiri.

Tazama namna inavyokwenda. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu msimamizi na kamati wanataka hivyo. Maswali hubuniwa kwa Kiingereza, kisha hugeuzwa Kiswahili usiku mmoja kabla ya kwenda shamba, aghlabu na mtafiti mwenyewe au na binamu yake. Bibi wa Nungwi au wa Micheweni huulizwa kwa Kiswahili hicho cha kushonwashonwa, naye hujibu kwa Kiswahili chake, kilichonyooka. Maneno yake hurekodiwa, huandikwa, hugeuzwa Kiingereza, hukatwa vipande, hubandikwa katika sura ya nne chini ya kichwa cha habari kinachoanza na neno la nadharia. Anapofika kwa mtahini, bibi yule hana tena sauti yake. Ana sauti ya mtu aliyesoma Kiingereza cha shule ya sekondari. Katika sura ya mbinu za utafiti, ambamo mtafiti hueleza kwa kurasa thelathini alivyochagua sampuli yake, tafsiri hupewa sentensi moja: kwamba mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili na kutafsiriwa. Na nani? Kwa kanuni gani? Palipokuwa na maana mbili, ilichaguliwa ipi? Kimya.

Nayasema haya kwa kuwa kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa miongoni mwa wanaoajiriwa kwa kazi hiyo, kwa malipo ya kurasa, na jina langu halimo katika tasnifu hata moja. Jina si kitu kikubwa. Kikubwa ni kinachotokea kwa maneno.

Chukua kitenzi kimoja tu, kuacha. Mwanamke wa visiwani akisema "kaniacha nina mimba ya miezi mitatu, kisha hakunipa changu", hasemi kuwa mumewe aliondoka akapotea. Anasema alipewa talaka. Anasema pia, kwa maneno mawili yaliyofuata, kuwa kuna haki yake iliyozuiwa, kwa sababu mke aliyeachwa na mimba edda yake ni mpaka ajifungue, na matumizi yake ya muda huo yako juu ya mume. Sentensi yake ni dai la kisheria, limepangwa vizuri kuliko madai mengi ya mawakili. Nililetewa sentensi ya namna hiyo niipitie, ikiwa imeshageuzwa Kiingereza na mtu mwingine. Kwa Kiingereza mume alikuwa amemkimbia mkewe mjamzito bila ya kumpa kitu. Mwanamke alikuwa ameshahesabiwa katika jedwali la waliotelekezwa. Nilimwandikia mtahiniwa kumweleza tofauti ya talaka na kutelekezwa, ambayo kadhi yeyote angemweleza kwa dakika mbili. Jibu lake lilikuwa la adabu sana: ahsante, mwalimu, lakini sura hiyo imeshakubaliwa na msimamizi.

Na hiyo ilikuwa tasnifu ya sheria ya ndoa!

Au chukua neno shamba. Katika visiwa hivi mti na ardhi vimekuwa mali mbili. Mtu aliweza kuwa na mikarafuu iliyosimama juu ya ardhi isiyokuwa yake, akaichuma, akaiweka rehani, akairithisha wanawe. Kisha baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikafanywa ya Serikali, familia zikagaiwa eka tatu tatu, na mwaka 1992 ikaja Sheria ya Umiliki wa Ardhi na haki zake za matumizi. Sasa mzee wa Pemba anaposema "shamba hili langu, nimerithi kwa baba", amesema nini? Huenda anataja miti. Huenda anataja eka tatu alizopewa baba yake. Huenda anataja ardhi ya ukoo ambayo kwa maoni yake hakuna serikali iliyowahi kuigusa. Msikilizaji aliyekulia hapa atamuuliza tena. Mtafiti aliyefunzwa kuwa neno hilo kwa Kiingereza lina neno moja la kulijibu hatouliza, kwa sababu hajui kuwa kuna swali. Sitaji ndugu, neno ambalo likigeuzwa Kiingereza bila ya uangalifu linaweza kumpa binamu fungu la mirathi la kaka wa baba mmoja na mama mmoja.

Lipo moja ambalo lanichoma zaidi, kwa kuwa linakaa mlangoni kabisa mwa utafiti. Kamati za maadili hudai kila mhojiwa atie saini fomu ya ridhaa. Ridhaa! Neno zito hilo kwetu. Mtu huridhia kwa furaha, na mtu huridhia kwa kuwa hana la kufanya, jambo limeshapita na Mungu ameshaandika. Bibi akisema "nikaridhia", kuhusu ndoa aliyoozwa akiwa na miaka kumi na minne, je, alikubali au alinyamaza? Sheria nzima ya ndoa imesimama juu ya jibu la swali hilo. Wanafunzi wa sheria hukesha wakisoma hukumu za Uingereza kuhusu maana ya kukubali, kisha wakija kwetu hulipita neno hili mbio kama mtu anayepita makaburini usiku.

Nitaambiwa: hayo ni makosa ya mtafiti mmoja mmoja. Si kweli. Ni makosa ya mafunzo. Kijana aliyepewa kozi ya takwimu, akakosea hesabu, atasahihishwa na mtahini, kwa sababu takwimu zipo kwenye kiambatisho na mtahini anaweza kuzipiga upya. Aliyekosea tafsiri hasahihishwi na yeyote, kwa sababu Kiswahili cha asili hakimo katika tasnifu. Kimebaki kwenye simu ya mtafiti, na simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa.

Kuna kitabu ambacho wasomaji wa kurasa hizi wanakijua, na ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uzamivu wa sheria apewe siku ya kwanza. Mwaka 1903 Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, alichapisha huko Göttingen Desturi za Wasuaheli, na kichwa chake kirefu kinataja wazi khabari za desturi za sheria. Sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Mtoro hakuwa na shahada ya uzamivu wala hakuitafuta. Aliandika juu ya ndoa, madeni, utumwa na mirathi, kwa lugha yake, na Velten akayatoa kwa Kiswahili na, kwa kitabu cha pili, kwa Kijerumani. Dhulma ilikuwepo: jina lililotangulia jaladani ni la Velten, na Mtoro akawekwa ndani. Lakini Kiswahili kilibaki. Na kwa sababu kilibaki, J. W. T. Allen aliweza kukirudia neno kwa neno na kukigeuza upya kwa Kiingereza, kitabu kikatoka mwaka 1981, na leo mimi na wewe tunaweza kuwasahihisha Velten na Allen wote wawili tukitaka. Mkoloni wa 1903 alitutunzia maneno yetu kuliko kamati za vyuo vyetu vya leo. Nimeipima sentensi hiyo mara tatu kabla ya kuiacha isimame.

Wala si kwamba wanasheria wetu hawakuwahi kuliona jambo hili. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na hapo hapo kitivoni, mwaka 1968, pakatoka faharasa ya istilahi za sheria kwa Kiswahili iliyosimamiwa na A. B. Weston, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, mgeni. Februari 2021 Bunge la Muungano likapitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, likaacha mlango wa Kiingereza pale haki itakapouhitaji. Basi tuna hakimu anayetakiwa kuhukumu kwa Kiswahili, na daktari wa sheria anayefunzwa, kwa miaka minne au mitano, kutofikiri kwa Kiswahili. Nani atamwandikia hakimu huyo vitabu?

Hoja ya istilahi siiheshimu sana. Kiingereza cha sheria ni jahazi lililoungwa kwa mbao za Kilatini na za Kifaransa cha kale, na hakuna anayeliona bovu kwa hilo. Sisi tuna hukumu, wakili, shahidi, dhamana, rehani, wasia, wakfu; maneno haya yalikuwa kazini katika pwani hii kabla ya jaji wa Kiingereza kutia nanga. Kadhi husikiliza kesi kwa Kiswahili kila siku ya Mungu. Erin Stiles alikaa Mkokotoni akamsikiliza kadhi na akina mama waliomwendea, na kitabu chake cha 2009 kinaonesha jinsi watu wa kawaida wanavyoijadili sheria kwa akili na kwa hoja. Sina ugomvi naye; alitega sikio. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na wenye hoja zile wako Mkokotoni.

Hoja ya mtahini wa nje ina uzito kidogo zaidi, nikiri. Mtaalamu wa sheria za ardhi kutoka ng'ambo huenda hasomi Kiswahili. Lakini idara za Kiswahili zimekuwa zikipokea tasnifu za Kiswahili na kuzitahini, na wasomi wanaokisoma wapo Leipzig, Bayreuth, Napoli, na wapo wengi zaidi Dodoma, Nairobi na hapa Unguja. Na hata tukisema tasnifu ya sheria iendelee kuandikwa kwa Kiingereza kwa muda, kuna ada ya Uholanzi inayofaa kuazimwa. Huko tasnifu ya Kiingereza kwa kawaida hubeba mwishoni muhtasari wa Kiholanzi, wa kurasa kadhaa, ilhali karibu kila Mholanzi msomi anakijua Kiingereza. Wao wanaona haya kumwandikia jirani yao kwa lugha ya mgeni pekee. Sisi je?

Ninachokidai ni kidogo, na hakihitaji mfadhili. Mafunzo ya tafsiri yawekwe pamoja na ya takwimu, yafundishwe na watu waliofasiri, si na watu waliosoma nadharia ya kufasiri peke yake. Kila neno la mhojiwa litakalonukuliwa liwekwe kwa Kiswahili chake, katika ukurasa huo huo, na Kiingereza chini yake kama kinahitajika. Mahojiano kamili, majina yakiwa yamefichwa pale palipo na siri, yakabidhiwe Nyaraka Kilimani au maktaba ya chuo, ili mtafiti wa mwaka 2060 asije akategemea Kiingereza chetu kama sisi tulivyokaribia kutegemea Kijerumani cha Velten. Aliyefasiri atajwe, na akosolewe kwa jina lake. Wataniambia viambatisho vitakuwa virefu. Virefu, na viwe.

Kwa upande wangu, tangu mwaka jana sipokei sauti ya mtafiti yeyote asiyenipa ahadi kwa maandishi kuwa Kiswahili kitabaki ndani ya tasnifu. Wawili wameondoka, mmoja kwa hasira. Wa tatu, binti anayeandika juu ya mirathi ya mikarafuu huko Wete, alirudi kwa msimamizi wake na kumuuliza kama inaruhusiwa. Msimamizi alimjibu kuwa hajui kanuni yoyote inayokataza. Hakuna aliyewahi kuomba.