Maiti Hasimami kwa Chuma

Na Shangazi Tabu

Mpwa wangu kanifuata mkekani msibani Jumamosi na simu yake. "Shangazi, ona Wazungu wa kale walivyokuwa washirikina!" Kijana wa enzi za Malkia Victoria kasimama wima, kavaa koti lake zuri, na nyuma ya visigino vyake kumechungulia miguu ya chuma. Maelezo yanasema huyo ni maiti, ndugu zake wamemsimamisha apigwe picha ya mwisho. Simu ikazunguka mkeka mzima, watu wakashika vichwa.

Uongo mtupu. Kile chuma kilikuwa cha walio hai. Upigaji picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha ulipotangazwa Paris mwaka 1839, mtu alihitaji kutulia dakika kadhaa, na hata mitambo ilipoboreshwa zilibaki sekunde nyingi za kutotikisika. Ukigeuka kidogo, uso unakuwa ukungu. Ndiyo maana fundi aliweka kishikio nyuma ya kichwa. Sasa maiti ana shida gani ya kutulia? Na uzito wake ungekiangusha kile chuma pale pale. Aliyewahi kubeba jeneza haambiwi.

Wafu walipigwa picha kweli, sikatai. Walilazwa kitandani au kwenye kochi kama waliosinzia, na kitoto kichanga kilipakatwa na mamake. Kule Boston, miaka ya 1840, studio ya Southworth na Hawes iliitangaza huduma hiyo waziwazi. Ushirikina uko wapi? Watoto walikufa kwa surua na homa, picha ilikuwa ghali, hivyo wengi picha yao ya kwanza ndiyo ya mwisho. Bei ililegea baada ya Disdéri wa Ufaransa kusajili, mwaka 1854, njia ya kupata picha ndogo kadhaa kwenye bamba moja.

Zipo nyingine: mtoto kapakatwa na kitu kilichogubikwa shuka. Mitandaoni wanasema mzimu. Ni mama mtu, kafunikwa kama kiti ili kitoto kitulie na kionekane peke yake. Baba aliyefunikwa namna hiyo bado namtafuta. (Wasomaji wangu wa kiume, barua zenu mnajua zinakoishia.)

Mpwa hakusikia lolote, maana jeneza lilishafunguliwa. Wa kwanza kufika ni yeye, simu juu ya bega la mjane. Kapiga uso wa marehemu, kapiga pamba za puani, kapiga nyingine na yeye mwenyewe yumo, kavaa miwani ya jua. Hatujafika makaburini, zote ziko hewani na wimbo chini yake.

Jioni mjane akamwomba azifute. Kamjibu haiwezekani, zimeshafika mbali, ila akizitaka atamtumia.