Mwalimu akihamishwa, tovuti ya darasa hubaki na nani?

Likizo za shule siku hizi zimekuwa msimu wa mafunzo. Ukifungua simu tu unakutana na bango: mwalimu, njoo ujifunze kutengeneza tovuti ya darasa lako, siku mbili, cheti na chai ya saa nne. Walimu wa Kisauni, Likoni, Mvita na hata Kilifi wanahudhuria, wengi kwa nauli zao wenyewe. Nimesaidia kufundisha mara mbili katika mafunzo ya aina hii, kwa kuwa diploma yangu ni ya mambo ya kompyuta, na nasema kweli walimu hushika haraka kuliko watu wengi wa afisini. Jioni ya siku ya pili kila mmoja huwa na ukurasa wake, jina la darasa juu, picha ya lango la shule, na furaha tele.

Swali langu ni la miezi sita baadaye.

Kuna wanaosema hakuna haja ya tovuti maadamu kila darasa lina kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Ndugu msomaji, kama wewe ni mzazi unakijua kikundi chenyewe. Mwalimu anatuma kazi ya nyumbani saa moja jioni. Kufika saa tatu usiku imeshafunikwa na salamu za Ijumaa, tangazo la maziko, mama anayeuza mahamri, na baba anayeuliza kama kesho kuna shule. Mzazi akibadilisha simu huenda akapoteza kila kitu. Mtoto aliyehamia muhula wa pili hana njia ya kuona ya muhula wa kwanza. Na nambari za wazazi wote ziko wazi kwa kila aliyemo, wakiwemo wasiokuwa na nia njema.

Tovuti ya darasa ni tofauti, kwa kuwa kilichoandikwa Februari bado kipo Septemba, mahali pamoja, kwa mpangilio. Anayefaidika zaidi si yule mtoto hodari wa mbele. Ni aliyelala hospitali wiki mbili, au aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na hao huku kwetu Pwani si haba. Shule zilipofungwa Machi 2020, madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021, na watoto wengi walikaa miezi tisa bila hata pa kutazama wamefikia wapi kwenye somo. Kwa hivyo naunga mkono mafunzo haya. Ninachogombania ni namna yanavyofanywa.

Shule moja ninayoijua ilikuwa na mwalimu kijana wa sekondari msingi, wale wa mkataba. Aliitengenezea Gredi ya 7 ukurasa wa sayansi ambao hata mimi niliupenda: michoro yake mwenyewe, maswali ya kila wiki, majibu baada ya siku tatu. Mkataba ukaisha, akaenda zake. Ukurasa aliufungua kwa barua pepe yake binafsi, na nywila ni yake. Hadi leo ukiufungua unatangaza jaribio la Ijumaa, Ijumaa iliyopita zamani, na hakuna mtu shuleni anayeweza kubadilisha hata nukta. Wazazi waliuzoea, kisha wakauacha.

Simlaumu kijana. Tangu 2023 serikali imejaza sekondari msingi walimu wa mkataba kwa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato, na 2024 waligoma wakidai kuajiriwa kikamilifu. Hao ndio mara nyingi wanaoijua kompyuta shuleni, na hao hao ndio wasio na hakika ya mwakani. Hata walioajiriwa, TSC huwahamisha. Tovuti iliyofungwa kwenye mkoba wa mtu mmoja husafiri naye.

Dawa yake haihitaji hata shilingi. Shule ifungue barua pepe yake, ukurasa ufunguliwe kwa hiyo, walimu wawili wawe na ruhusa ya kuuhariri, na nywila iandikwe kwenye bahasha ikae kabatini kwa mwalimu mkuu pamoja na vitabu vya hesabu. Mafunzo yote mawili niliyohudhuria, jambo hili halikuwa kwenye ratiba. Tulitumia saa nzima kuchagua rangi.

Na hizo rangi na mapambo ndiyo yanayomuumiza mzazi. Picha moja ya simu za siku hizi ina megabaiti tatu au nne. Mwalimu akipiga ubao picha kumi na kuziweka zilivyo, mzazi wa Mtongwe aliyenunua bando ya shilingi 20 ameshatumia megabaiti thelathini au arubaini kabla mtoto hajasoma sentensi. Maneno yale yale yakichapwa hayafiki hata sehemu ndogo ya picha moja. Kuchapa kunachosha, najua, mwalimu ana watoto sitini na madaftari yao. Basi angalau picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa, kazi ya dakika chache. Ukurasa upimwe kwa simu ya bei rahisi iliyo mkononi mwa mzazi, usipimwe kwa kompyuta ya mkufunzi.

Kuna picha za aina nyingine pia. Walimu hupenda kuweka sura za watoto, hasa siku ya michezo na siku ya zawadi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na haichezi: Septemba 2023 afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Faini kama hiyo kwa shule zetu nyingi ni kufunga milango. Lakini hata kusingekuwa na faini, wazazi wa Kiislamu wengi hawataki binti zao waanikwe kwa kila mpita njia, na wana haki ya kuulizwa kwanza. Alama za mtihani nazo zisiwekwe hadharani kwa majina. Mtoto wa mwisho ana jirani zake.

Wasio na simu ya intaneti kabisa, wenye kabambe tu, tutawafanyaje? Hapa nakumbuka vile vifaa vya mradi wa serikali ulioanza 2016, vishikwambi vya darasa la kwanza. Pamoja navyo shule zililetewa projekta na kifaa cha kuhifadhi masomo na kuyasambaza darasani bila intaneti. Shule kadhaa nilizozitembelea zimevifungia stoo. Ukurasa mwepesi wa darasa, uliohifadhiwa kama faili, unaweza kusomwa kwa njia hiyo hiyo na mtoto ambaye nyumbani hana bando, ikiwa kifaa bado kinawaka.

Wanaoandaa mafunzo ya Agosti wangeongeza siku ya tatu na kuwaita wakuu wa shule na wanakamati wa wazazi. Siku hiyo bahasha ya nywila ingefungwa, fomu za idhini zingegawanywa, na fundi angefungua ile stoo kuangalia kinachofanya kazi.