Kibali cha Udereva Kitafutwe Kabla ya Safari

Wananchi wa visiwa hivi ni watu wa safari tangu enzi za majahazi. Leo wapo wanaokwenda Muscat na Dubai kwa biashara, wapo wanaokwenda Uingereza na Kanada kuwatazama jamaa zao, na wapo watumishi wa serikali wanaopelekwa nje kwa masomo. Pasipoti, viza na tiketi hutayarishwa mapema. Lakini miongoni mwa wanaokusudia kuendesha gari huko wendako, wako wanaosahau hati moja muhimu, nayo ni kibali cha kimataifa cha udereva.

Kwanza ifahamike kibali hiki ni kitu gani. Wapo wanaodhani kuwa ni leseni ya daraja la juu, imruhusuyo mtu kuendesha popote duniani. Sivyo. Ni kijitabu chenye jalada la kijivu kinachoifasiri leseni ya nyumbani kwa lugha kadhaa, ili askari wa nchi ya kigeni atambue mwenye leseni ni nani na ameruhusiwa kuendesha chombo cha aina gani. Kwa hiyo kibali peke yake hakitoshi. Sharti kiandamane na leseni yenyewe, nayo iwe haijapitwa na muda.

Vibali vinavyotumika zaidi vinatokana na mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa: ule wa Geneva wa mwaka 1949 na ule wa Vienna wa mwaka 1968. Cha kwanza hudumu mwaka 1, na cha pili hakizidi miaka 3. Si kila nchi inavikubali vyote viwili. Japani, kwa mfano, hukubali kile cha 1949, lakini cha 1968 haikitambui. Kwa hiyo msafiri aulize ubalozi wa nchi aendayo kabla ya kulipa ada.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kibali hiki huombwa nyumbani. Anayekumbuka akiwa ugenini hujikuta mikononi mwa matapeli wanaouza katika intaneti vijitabu visivyo na thamani yoyote mbele ya sheria. Siku ya ajali ndipo ukweli hudhihiri: askari hukikataa kijitabu, kampuni ya bima nayo huweza kukataa kulipa, na mzigo wote ukamwangukia msafiri na jamaa zake. Majuto ni mjukuu.

Aidha, kibali hiki ni cha mgeni wa kupita. Anayehamia nchi nyingine hana budi kutafuta leseni ya huko. Wala hakimfundishi mtu barabara za wenyewe. Sisi hupita kushoto. Oman na Falme za Kiarabu hupita kulia. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Kwa upande wa watendaji wa serikali, tunasema wazi kuwa wajibu si wa mwananchi peke yake. Masharti, ada na muda wa kungojea vibandikwe kwa Kiswahili fasaha katika ofisi za wilaya zote, Unguja na Pemba. Mwananchi wa Micheweni au Makunduchi asilazimike kufunga safari mbili kwa karatasi moja, eti kwa kuwa hakuna aliyemweleza alete nini. Na mtumishi anayetoa kibali aikague leseni kwa makini kabla ya kugonga muhuri. Kibali anachopewa asiyejua kuendesha ni uwongo uliotiwa muhuri wa nchi, na aibu yake huwapata wananchi wote wanaosafiri kwa haki.

Hapa kwetu mgeni anayekodi gari au vespa huulizwa karatasi zake barabarani, nasi tunaona ni sawa. Basi na sisi tukienda kwa watu tuwe na karatasi zilizo halali. Tahadhari kabla ya hatari.