Ujuzi nao una bei, Mama Keki!

Leo nina dukuduku, naomba nilitoe.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, sote tunamwita Mama Keki. Iwe harusi, kipaimara au Idi, keki yake haikosi. Juzi juzi mwenye hoteli mmoja kamwita, ati awaelekeze "kidogo tu" vijana wake wa jikoni. Mama wa watu kashinda siku tatu kwenye tanuri la wenyewe. Malipo? Soda moja na ahsante. Sasa hoteli inauza keki ile ile, na oda za mama zimepungua.

Nilipomuuliza kwa nini hakudai chake, kanijibu: "Baba, kwani maneno nayo yanauzwa?"

Yanauzwa, mama! Hebu sikiliza kisa cha Pierre Hermé wa Ufaransa.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1961 mjini Colmar, katika ukoo wa waokaji. Yeye ni kizazi cha nne. Akiwa na miaka 14 akaenda Paris kujifunza kazi kwa fundi mkubwa Gaston Lenôtre. Mwaka 1986 akakabidhiwa jiko la vitamutamu la Fauchon, duka la wenye nazo. Umri wake? Miaka 24 tu!

Hapo ndipo alipoanza kuchezea waridi. Sisi maji ya waridi twanyunyiziana harusini. Yeye kalitia kwenye krimu, akalichanganya na rasiberi, kale katunda kekundu kenye uchachu. Hiyo ilikuwa 1987. Wafaransa wengi walizoea waridi kwenye marashi, si kwenye sahani, lakini hakukata tamaa. Akaendelea kuonja na kufikiri kwa miaka 10, hadi akaongeza lichi, tunda ambalo ndani ni jeupe kama shokishoki. Ikazaliwa Ispahan, keki iliyompa jina duniani.

Sasa angalia hapo, msomaji. Mayai, lozi na sukari vinauzwa kwa yeyote mwenye hela. Kilichochukua miaka 10 ni kichwa na ulimi. Hata sukari yenyewe huitumia kama wewe unavyotumia chumvi kwenye mchuzi: iamshe ladha nyingine, isizizime.

Baadaye akaacha kazi ya Fauchon. Akaanzisha kampuni na mwenzake, Charles Znaty, na papo hapo akawa mshauri wa Ladurée, nyumba ya keki iliyokuwapo tangu 1862. Mshauri wa namna hiyo hashindi kutwa akikanda unga. Anabuni ladha, anapanga vipimo, anaelekeza mafundi, anaonja mpaka mambo yakae sawa. Na hiyo ni kazi, si fadhila!

Duka lake la kwanza hakulifungua Paris, bali Tokyo, mwaka 1998. Paris ikamsubiri hadi 2001. Mwaka 2016 akatajwa mpishi bora wa vitamutamu duniani na wale wanaopanga orodha ya migahawa 50 bora.

Kwa hiyo, Mama Keki, kabla hujaingia jiko la mtu, kubalianeni kwanza. Siku ngapi? Keki za aina ngapi? Shilingi ngapi? Je, wataruhusiwa kuuza keki yako kwa jina lao? Yaandikeni, tieni sahihi, na nusu ya fedha uipokee kabla hujavaa aproni. Akikwambia "si kidogo tu, mama," mjibu kwamba hicho kidogo umekitafuta miaka mingi, tena kwa kuunguza nyingi.

Nilipomwambia hivyo, mama alicheka tu. Jana jioni kanipitia nyumbani. Hoteli nyingine imemwita, anataka kujua karatasi hiyo inaandikwaje. Nikachukua kalamu.

Ushauri wangu wa kwanza nimempa bure. Wa pili, nimemwambia, ni kipande cha keki!

Tukutane wiki ijayo.