Gia Boksi Imebadilishwa, Mbona Gari Halivuti?

Kuna ugomvi wa ndani ya nyumba ambao hauhusiani kabisa na meseji za usiku wala mawifi. Gari lilianza kusuasua, fundi akasema gia boksi imekufa, mkavunja kibubu, mkanunua nyingine ya mtumba na ikafungwa. Siku ya tatu mke anarudi kazini na kusema, "Mume wangu, hili gari halina nguvu." Jibu analopewa: "Gari zima hilo, ni wewe tu unaogopa kukanyaga mafuta." Hapo sasa maji yameshazidi unga.

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuweke pembeni mambo ya maua na zawadi, tufungue boneti. Gari ni moja ya vitu vya bei mbaya ambavyo wapenzi wengi hununua pamoja, na likisumbua hutafuna hela, muda na uvumilivu. Gari lisilovuta ni hatari pia. Hebu fikiria uko barabara ya Iringa, umetoka upande wako ili ulipite lori, unakanyaga mafuta hadi mwisho na gari linakwenda vilevile. Mbele yako linakuja basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: anayeliendesha gari kila siku aaminiwe. Akisema limekuwa zito, huo tayari ni ushahidi. Badala ya kumbishia, muulize maswali ambayo hata daktari angeuliza. Ni zito wakati wa kuondoka tu, au hata kwenye mwendo? Likiwa baridi, au likishapata moto? Lilianza siku ileile lilipotoka gereji? Majibu yaandikeni kwenye karatasi, maana fundi mzuri atayahitaji kuliko kitu kingine chochote.

Pili, kuna swali moja linalookoa hela nyingi. Je, nguvu haizalishwi, au inazalishwa lakini haifiki kwenye matairi? Injini ndiyo inayozalisha, gia boksi kazi yake ni kusafirisha. Utajua kwa kuangalia mshale wa RPM kwenye dashibodi. Ukikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele na mshale ukapanda haraka huku mwendo hauongezeki, nguvu inapotelea njiani. Mara nyingi gia boksi inateleza au haina oili ya kutosha. Lakini mshale wenyewe ukipanda kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini, basi ama injini inakosa kitu, ama gari linaondokea gia kubwa.

Hilo la gia kubwa lieleweni vizuri, kwa sababu hutokea sana baada ya gia boksi ya otomatiki kubadilishwa. Ndani yake kuna valvu za umeme zinazoongozwa na kontroli boksi. Soketi moja ikisahaulika, au waya ukikatika, kontroli boksi huamua kulinda mali: inang'ang'ania gia moja, mara nyingi ya tatu, na gari linaondoka kwa shida kama baiskeli iliyoanzia gia nzito. Jaribu kuondoka ukiwa umeweka L. Gari likichangamka ghafla, hiyo ni dalili nzuri kwamba kwenye D lilikuwa halianzii gia ya kwanza. Tiba yake inaweza kuwa kuchomeka soketi tu, bila hata kununua kitu.

Tatu, fuateni njia aliyopita fundi. Gia boksi haishuki yenyewe. Ili aifikie, fundi huenda alichomoa betri, akatoa boksi la eya klina na bomba la hewa, akafungua nyaya za ethi, akashusha kipande cha mbele cha ekzosi na kuvuta nyaya za sensa mbalimbali. Kila alipogusa panaweza kuwa pamerudishwa vibaya. Bomba la hewa lililolegea baada ya sensa inayopima hewa huingiza hewa isiyohesabiwa, petroli inakuwa pungufu, injini inakosa nguvu. Waya wa ethi ukibaki bila kufungwa sawasawa, umeme unayumba na sensa zinatoa taarifa za uongo. Sensa ya kranki, ambayo kwenye magari mengi iko karibu kabisa na gia boksi, ikiguswa vibaya injini inamisi au inagoma kuwaka. Haya yote hukaguliwa kwa macho, mikono na tochi.

Baada ya hapo ndipo mpime kwa mashine. Namba inayotoka ombeni muione wenyewe, msiambiwe tu kwamba "inasoma gia boksi". P0700, kwa mfano, inasema tu kwamba mfumo wa gia una hitilafu na mtu aingie ndani zaidi kutafuta namba nyingine. Haisemi nunua gia boksi. P0171 inasema hewa imezidi petroli, kwa hiyo rudini kwenye lile bomba. P0335 inaelekeza kwenye sensa ya kranki na nyaya zake. Kumbukeni pia kwamba betri ikichomolewa, kwenye magari mengi namba za zamani hufutika. Ndiyo maana gari linapaswa kupimwa kabla ya kazi na baada ya kazi, karatasi zote mbili zikatunzwa.

Nne, je, hiyo gia boksi ni ya gari lenu kweli? Kwenye maduka ya vipuri vya mtumba, gia boksi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, lakini uwiano wa gia ndani ukawa tofauti, na gari likawa zito wakati wa kuondoka. Kwa Toyota, tafuteni kibati chenye namba ya chasisi na msome mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, ambapo kuna kodi ya gia boksi. U340E na U341E ni ndugu wa ukoo mmoja, zote za gia nne, lakini zilitengenezwa kwa injini zenye nguvu tofauti. Muuzaji akisema "hizi zote ni moja, dada", mwambie akuonyeshe kodi.

Oili nayo ina mambo yake. Toyota ina ATF Type T-IV na ATF WS, na haifai kuweka moja mahali pa nyingine. Gia boksi za CVT zina oili yake peke yake. Halafu kipimo. Gia boksi iliyofungwa ikiwa kavu hunywa oili injini inapowashwa mara ya kwanza, kwa hiyo kiwango kilichoonekana sawa asubuhi kinaweza kuwa pungufu mchana. Kwenye magari mengi yenye kijiti cha kupimia oili ya gia, kipimo cha uhakika huchukuliwa gari likiwa na moto, injini inaunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kila nafasi. Na kama gari ni la zamani, lenye kebo kati ya pedeli ya mafuta na gia boksi, mwambieni fundi aangalie kama kebo imerekebishwa vizuri. Ikilegea, gia hubadilika mapema mno, injini ikiwa bado haijakusanya nguvu.

Kuna pia toki konveta, lile dude la mviringo kama chungu linalokaa kati ya injini na gia boksi. Kilichomo ndani kikichoka, gari huwa goigoi wakati wa kuondoka hata kama injini ni nzima. Fundi mwenye ujuzi hulipima akiwa amekanyaga breki na kukanyaga mafuta kwa muda usiozidi sekunde 5, kisha analinganisha RPM na kipimo cha kiwanda. Msijaribu hili nyumbani. Likikosewa, mnaua gia boksi ya pili.

Tano, na hapa ndipo panapouma: huenda gia boksi ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Masega ya ekzosi yakiziba, injini hukosa pa kutolea moshi na gari linakosa pumzi, hasa ukitaka spidi. Pampu ya mafuta iliyochoka au plagi zilizokwisha huleta uzito uleule. Hata breki inayokamata inatosha. Endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Tairi moja likiwa na joto kuliko mengine, mmeshapata pa kuanzia.

Sasa tuongee kama watu wa nyumba moja. Kosa kubwa mnaloweza kufanya hapa ni kununua tena. Fundi akishindwa, rahisi kwake kusema "hiyo nayo mbovu, tutafute nyingine", na hela ya kodi ya nyumba ikaingia gereji. Wekeni kanuni moja kabla ya kwenda: hakuna kipuri kinachonunuliwa mpaka kuna kipimo kilichokitaja. Kanuni hiyo iwabane wote wawili, hata yule anayejiona anajua magari.

Pia nendeni pamoja, au anayeendesha ndiye aende. Ukienda peke yako kueleza tatizo ambalo mwenzako ndiye analiona kila siku, utalieleza nusu. Tena kuna mafundi ambao dada akizungumza wanamtafuta mume kwa macho. Mume mwenye busara hujibu, "Msikilize yeye, ndiye dereva." Fundi ajaribu gari huku huyo dereva amekaa pembeni yake, kwenye kilima kilekile anachokilalamikia. Gia boksi ya zamani ibaki mikononi mwenu mpaka tatizo liishe, na garantii ya hiyo mpya iandikwe kwenye risiti, na tarehe.

Mkishalijua tatizo, mtaona kwamba hakuna aliyekuwa mbishi wala mwoga wa mafuta. Kulikuwa na soketi, bomba au kopo la oili lisilo lake. Na mpaka lijulikane, gari hilo lisisafiri nje ya mji, hata kama harusi ya binamu ni Jumamosi. Pandeni basi.

Tukutane mwezi ujao. Endesheni salama!