Urithi wa Dunia kwa Mfugaji, Gofu kwa Majestic

Leo nawatoa huku Daa nawavusha bahari hadi Vuga, Unguja, kwenye jumba la zamani la sinema linaloitwa Majestic. Najua kuna atakayeuliza, "Sinema inatuhusu nini sisi wa Karatu na Ngorongoro?" Inatuhusu, tena sana.

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua pale jumba lililoitwa Royal. Aliyelichora ni John Sinclair, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Mwingereza, huyohuyo aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja. Royal likaungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950. Je, liliachwa gofu? Hapana. Mwaka 1955 lilikuwa limesimama jipya, likaitwa Majestic, na safari hii mchoraji alikuwa msanifu wa hapohapo Zanzibar, Dayalji Pitamber Sachania. Hakurudia kuba na matao ya Sinclair. Alichukua Art Deco, mtindo wa mistari iliyonyooka na uso wa jengo usio na nakshi nyingi. Ulikuwa usasa wenyewe enzi hizo.

Majumba ya sinema ya Unguja yalionyesha filamu za Kihindi, za Misri na za Marekani. Kulikuwa hata na maonyesho ya wanawake peke yao, ili mama wa buibui naye atoke nyumbani akafurahi na wenzake. Huo ndio urithi ninaouzungumzia, watu pamoja na kuta zao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikayachukua majumba ya sinema. Sawa, mali ya umma. Lakini ukichukua mali ya umma unachukua na paa lake. Leo paa la ukumbi wa Majestic limeporomoka, na jua linapiga mahali watu walipokuwa wanakaa gizani kuangalia picha.

Sasa tuingie kwenye sheria, maana ndiyo ninayoisoma. Mkataba wa Urithi wa Dunia ulipitishwa mwaka 1972, na Tanzania ikauridhia mwaka 1977. Ibara ya 4 inasema jukumu la kuulinda urithi huo na kuurithisha kwa vizazi vijavyo ni la dola yenyewe kwanza. Kwa mkataba huohuo Ngorongoro iliingizwa kwenye orodha mwaka 1979, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Mkataba mmoja, sahihi moja, ya Jamhuri ya Muungano.

Lakini angalia unavyotumika. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mwananchi hawezi kujenga wala kukarabati bila kibali, hata kama nyumba inamwangukia. Wakati huohuo serikali inamiliki majengo ndani ya Mji Mkongwe na haikarabati, na hakuna anayemshika mkono. Huku mtu anakatazwa kuziba paa lake kwa jina la urithi wa dunia. Kule mwenye wajibu wa kuziba paa kwa jina lilelile analiacha linaanguka.

Na kuanguka si mfano wa maneno. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ikaua watu wawili. Nani aliambiwa ahame na apelekwe Msomera kwa kushindwa kutunza urithi?

Wafugaji wa Ngorongoro wao walihamishwa Serengeti mwaka 1959 kwa ahadi kwamba hapa wataishi na mifugo yao, na sheria ya hifadhi yenyewe inataja kulinda maslahi yao. Agosti 2024 likaja Tangazo la Serikali Namba 673 kufuta vijiji na vitongoji vyao. Maelfu wakaingia barabarani, na mwezi huohuo Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha. Mahakama iliona kuna jambo la kujibu. Wakubwa je?

Watakuja wale wa "mambo ya kale ya Zanzibar si ya Muungano". Hivi kweli? Serikali zote mbili zinaongozwa na chama kilekile. Wakati wa kupiga picha na wageni wa UNESCO ni nchi moja. Wakati wa kulipia mabati tunakuwa mbili!

Tena msinielewe vibaya. Sitaki mtu yeyote afukuzwe Mji Mkongwe kama wanavyofukuzwa ndugu zetu. Ninachokataa ni sheria inayomwona mwenye rungu na ng'ombe lakini haimwoni mwenye ofisi na bajeti.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, serikali zote mbili zitangaze hali ya kila jengo la umma lililo ndani ya eneo la urithi wa dunia na tarehe ya ukarabati wake. Pili, Majestic lifufuliwe kama ukumbi wa watu, lisigeuzwe hoteli ya mwekezaji. Tatu, mwananchi wa Ngorongoro aruhusiwe leo kukarabati nyumba, shule na zahanati yake.

Anayetuhubiria uhifadhi aanze na paa lake mwenyewe.

Mapambano yaendelee.